Roma ya Baba Neema

Kwanza zilisikika tarumbeta. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la fundi cherehani pale Majengo, mgongo wangu umeelekea ndani ya duka, nikiwatazama wauza mtama wakipepeta ng'ambo ya barabara. Tarumbeta zikalia mara tatu, zikafuata ngoma nzito, halafu sauti ya mwanamume akisema Kiingereza cha taratibu, cha mtu aliyezoea kusikilizwa. Sikugeuka. Nilikuwa nimeshajua ni nini. Fundi alikuwa amewasha televisheni yake ndogo ya ukutani, na mle ndani, bila shaka yoyote, wanaume waliojitanda mashuka meupe walikuwa wakipanda ngazi za mawe huku wakinong'onezana. Nilisimama nikamwambia fundi gauni nitalifuata kesho.

"Dada, si bado kupiga pasi tu? Dakika mbili."

"Kesho," nikasema, nikaondoka kama mtu aliyeitwa.

Wenzangu wa rika langu wataikumbuka miaka ile, miaka ambayo kila kitu kilianza kuruhusiwa kwa pamoja. Soda zilikuja kwenye makopo. Mitumba ilimwagwa chini sokoni na akina mama wakaipigania kwa viwiko. Televisheni zilifika Dodoma juu ya mabasi, zimefungwa mablanketi kama wagonjwa, na mtaa uliopata moja ulibadilika sura. Na miaka hiyohiyo, mashirika ya umma yakaanza kuuzwa, na watu wazima wakaanza kuzungumza kwa sauti za chini wakimwona mtoto anapita.

Baba alikuwa mkuu wa ghala katika shirika mojawapo, lililokuwa likiwagawia wakulima majembe, mbegu na dawa ya kunyunyizia mizabibu. Alirudi nyumbani akinuka salfa, na mpaka leo harufu ya salfa kwangu ni harufu ya usalama. Ghalani walikuwa wawili tu, yeye na msaidizi wake, ambaye sisi watoto tulimwita Baba Neema kwa sababu Neema alikuwa rafiki yangu. Tuliishi kwenye kota za shirika, nyumba mbili zilizogawana ukuta mmoja. Ukikohoa kwetu, kwao wanakuambia pole.

Baba ni Mhehe wa Iringa. Baba Neema alikuwa Mgogo wa Chamwino. Kwa hiyo walikuwa watani kabla hata hawajazaliwa, na walitaniana kama watu waliolipwa kwa kazi hiyo: Mgogo ombaomba, Mhehe mla mbwa. Baba Neema hakuwahi kupiga hodi kwetu. Aliingia tu, akaenda moja kwa moja jikoni kufunua sufuria.

"Mama Anjela, ficha chungu!" baba alipaza sauti toka barazani. "Mgogo kaingia, anaanza kuomba!"

"Nimekuja kutafuta mbwa wangu. Tangu Mhehe ahamie hapa siwaoni. Hii nyama ni ya nani?"

"Ya mjomba wako."

"Basi nipe paja, ni urithi wangu."

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi pia nilicheka, bila kuelewa hasa kwa nini matusi yale yalikuwa matamu. Nilijua tu kwamba baba hakuwa na mtu mwingine wa kumtukana namna ile, na kwamba siku Baba Neema alipolazwa kwa malaria, baba alikaa kando ya kitanda chake akimwambia, "Kufa upesi nichukue viatu vyako," huku akimnywesha uji kijiko kwa kijiko.

Televisheni ilikuwa ya Baba Neema. Ilikuwa na kisogo kikubwa, na antena yake ilifungwa kwenye mti mrefu nyuma ya choo. Upepo wa Dodoma mnaujua. Ukivuma, picha inageuka vumbi, na Neema anatumwa nje kuuzungusha mti. "Hapo! Hapo! Umepitiliza, rudi kidogo! Sasa simama hivyohivyo!" Maskini Neema aliangalia nusu ya kila kipindi akiwa ameukumbatia ule mti, akichungulia dirishani.

Kila Jumapili alasiri, baada ya watu kutoka kanisani na kula, lilionyeshwa igizo la Roma ya kale. Lilikuwa la Kiingereza tupu, na mtaa mzima Kiingereza kilikuwa cha Baba Neema, aliyekipata kwa wamisionari. Basi alikaa kwenye kigoda pembeni ya televisheni, uso kwetu, na kututafsiria. Sijui alikuwa anatafsiri kweli kiasi gani. Kaisari yeye alimpa jina la Meneja, mkubwa wao kazini. Lile baraza la wazee waliokaa kwenye mabenchi ya mawe aliliita Bunge, na mimi, niliyejua kwamba Bunge letu linakaa kwenye ukumbi wa Chimwaga, niliamini kwa muda mrefu kwamba waheshimiwa wakifika kule huvua suti zao na kujifunga mashuka.

"Hawa mnaowaona wamepiga lubega za mashuka meupe," alisema siku ya kwanza, "ni Wagogo wenzangu, sema wametoroka hospitalini."

"Na yule mwenye macho ya mwizi?" baba akauliza.

"Yule anayeficha kisu? Yule ni Mhehe. Mwangalieni pua."

Ikawa hivyo wiki zote. Kila msaliti katika Roma alikuwa Mhehe. Watu walicheka, baba akicheka kuliko wote, akimrushia kiatu. Lakini mimi nilikuwa nimekaa sakafuni mbele kabisa, magoti yangu yamegusa meza ya televisheni, na niliyaangalia yale mambo kwa umakini ambao mtu mzima hawezi kuurudia. Niliona kwamba Kaisari alikuwa na rafiki. Rafiki huyo alikula mezani kwake, akamtania, akambebea mtoto. Kisha usiku akakaa peke yake akaandika barua, akaifunika kwa mkono mtumishi alipoingia. Sehemu iliyofuata, alimkumbatia Kaisari mbele ya watu wote, na kisu kilikuwa kwenye mkono ule ule uliokumbatia. Sikulala vizuri wiki hiyo. Kilichonitisha hakikuwa damu. Kilichonitisha ni kwamba yule rafiki, dakika moja kabla, alikuwa anacheka kicheko cha kweli.

Katika wiki hizohizo neno likaingia kota. Wanapunguza watu. Mama alilisikia kwenye karo la kufulia akaja nalo nyumbani, akalitoa wakati wa kula.

"Wanasema kila idara itapunguzwa. Ghalani atabaki mmoja."

"Nani kasema?"

"Mke wa dereva."

"Mke wa dereva siku hizi ndiye mkurugenzi?" baba akasema, lakini tonge lake lilirudi kwenye sahani, na mlenda ukaanza kukauka juu yake.

Mimi nilijua kupunguza mahindi. Unakuta miche miwili imesimama pamoja kwenye shimo moja, unang'oa mmoja ili mwingine upate kukua. Hakuna anayeuuliza ule uliong'olewa. Usiku ule kupitia pazia niliwasikia wakihesabu yatakayotokea: kazi ikienda na nyumba inaenda, maana nyumba ni ya shirika, Iringa babu ameshawagawia baba wakubwa na baba wadogo mashamba yote, mimi nitatolewa shule katikati ya mwaka. Mama alisema, "Si Meneja anawasikiliza wakuu wa idara? Kaongee naye." Baba akasema, "Nikaongee nini? Nimseme nani?" Upande wa pili wa ukuta Baba Neema akapiga chafya, nasi hakuna aliyemwambia pole.

Jumapili iliyofuata, kwenye Roma, watu watatu waliovaa lubega nyeupe walikutana kwenye bustani. Baba Neema akakohoa kidogo, akainua kidole, akatafsiri kwa sauti nzito: "Huyu Mhehe lazima aondolewe kabla mvua hazijanyesha."

Nyumba ilipasuka kwa vicheko. "Nitakuzika wewe kwanza, Mgogo!" baba akajibu, machozi yakimtoka kwa kucheka. Mimi peke yangu sikucheka. Niliangalia meno ya Baba Neema.

Jumamosi, mama akanituma kwao kuazima chekeche. Nilimkuta mezani, anaandika kwenye karatasi za mistari, ulimi umetoka kidogo kwenye pembe ya mdomo kama mwanafunzi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mtani mdogo. Mhehe mwenzako mkubwa yupo?"

"Yupo."

"Chekeche liko uani. Ngoja nikupe, kuku wamelilalia."

Akatoka. Nikasogea mezani. Kiingereza sikukijua, lakini jina la baba yangu nililijua, majina yake yote matatu, na lilikuwa pale. Lilikuwa mara mbili. Na juu kabisa, peke yake kwenye mstari, niliona cheo cha Meneja, ambacho nilikijua hata kwa Kiingereza. Aliporudi na chekeche aliona macho yangu yalipo, na mkono wake ukatua juu ya karatasi, si kwa haraka, ukaifunika.

"Unapeleleza?" akacheka. "Usimwambie Mhehe. Nataka nimshtukize kesho."

Nilitembea hatua zile kumi na tano za kurudi kwetu nikihisi masikio yamewaka moto. Baba alikuwa barazani, jua linaelekea kushuka, anapaka viatu rangi kwa ajili ya kanisani. Nilisimama mbele yake na chekeche kifuani.

"Baba. Baba Neema anamwandikia Meneja barua. Ameandika jina lako."

Brashi ikasimama. "Umeona wewe mwenyewe?"

"Ndiyo. Mara mbili. Ameifunika kwa mkono. Ameniambia nisikuambie."

Akaiweka brashi chini. Na mimi, kwa kuwa niliona haitoshi, kwa kuwa Kaisari naye alionywa na hakuamini, nikaongeza: "Na alisema, huyu Mhehe lazima aondolewe kabla mvua hazijanyesha."

"Alisema wapi?"

"Nyumbani kwake."

Ilikuwa kweli. Kila neno nililosema barazani pale lilikuwa kweli, na nimewahi kusema uongo mwingi maishani ambao haujawahi kunisumbua kama ukweli ule.

Baba aliiokota brashi. Kisha akaendelea kupaka rangi kiatu kimoja, kilekile, mpaka kikawaka kama kioo. Nililala usiku ule nikiwa na furaha ya kutisha. Nilikuwa nimefika kabla ya kisu.

Kesho yake hatukwenda kwenye Roma. Tulipotoka kanisani baba hakuvua koti. Alikula amesimama, akasema anakwenda kumwona Meneja nyumbani kwake mara moja, akachukua njia ya nyuma ya kota isiyopita mbele ya dirisha la jirani. Tarumbeta zilipolia upande wa pili wa ukuta, Neema alikuja mbio kutuita. Mama akamwambia baba ametoka. "Na Anjela?" Mama akasema Anjela anaumwa tumbo. Kupitia ukuta nilisikia sauti ya Baba Neema ikitafsiri, lakini siku hiyo ilikuwa fupi fupi, na vicheko vilikuwa vichache, kwa sababu mwenye kutukanwa hakuwepo.

Jumatatu jioni akaja mwenyewe. Aliingia kama kawaida, akafunua sufuria, akasema, "Leo mmemla mbwa wa nani?" Baba akanyanyuka kitini. Baba Neema akatoa ile karatasi mfukoni, sasa imekunjwa vizuri, akampa.

"Nilitaka tuisaini jana mbele ya watu wote, tupigiwe makofi. Umenitoroka."

Baba aliisoma amesimama karibu na dirisha. Niliona macho yake yakifika mwisho, yakarudi mwanzo.

"Kiingereza kingi hiki," akasema. "Niachie nisome taratibu."

"Kama kimekushinda, nikutafsirie kama Roma."

Ilikuwa zamu ya baba. Hata mimi nilijua kwamba ilikuwa zamu yake. Baada ya maneno kama hayo lazima Mhehe arudishe. Baba Neema alisimama pale katikati ya chumba akisubiri tusi lake, uso wake umeshaanza kucheka. Baba akafungua droo ya kabati, akaiweka ile karatasi ndani, akaifunga.

"Nitakuambia," akasema.

Siku iliyofuata, kwenye foleni ya bomba, Neema akanieleza yaliyomo, kwa kuwa baba yake alikuwa ameisoma na kuitafsiri kwa sauti nyumbani mara nyingi. Alikuwa anamwomba Meneja asimwondoe yeyote kati yao. Wafanye kazi kwa zamu, mmoja asubuhi na mwingine mchana, wagawane nafasi moja, mpaka mambo ya shirika yatulie. Jina la baba limetangulia la kwake, kwa sababu ni mkubwa wake kazini. Chini kuna sehemu mbili za kusaini.

"Baba yako amesaini?" Neema akauliza.

Ndoo yangu ilikuwa imejaa na maji yanamwagika, wanawake nyuma yetu wakapiga kelele, "Wee mtoto, maji yanapotea!" na hilo likaniokoa nisijibu.

Nilibeba jambo lile siku nzima na usiku wote. Asubuhi, baba akifunga vishikizo mbele ya kioo, nikajikaza. Niliona kwamba nikilisema, kila kitu kitarudi nyuma. Atakwenda kwa Meneja tena, atafungua droo, atasaini.

"Baba, yale maneno niliyokuambia. Ya Mhehe aondolewe. Aliyasema kwenye Roma. Alikuwa anatafsiri."

Nilimwona kwenye kioo. Vidole vyake vilikuwa kwenye kishikizo cha shingoni.

"Najua, mwanangu," akasema. "Nilikuwepo."

Akamaliza kufunga. Akainama akachukua begi langu la shule, akanivalisha mabegani kwa upole, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu nikiwa darasa la kwanza.

Sentensi hiyo imekuwa ndani yangu muda wote huu. Nimeigeuza kila upande. Kwa miaka mingi nilitamani kuamini kwamba mimi ndiye niliyemsukuma, na ni ajabu kutamani hatia, lakini hatia ya mtoto ni nyepesi kuliko kumjua baba. Alikuwepo. Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Nilipomletea maneno yale barazani, alijua yanatoka wapi, na bado aliyachukua, kama mtu mwenye kiu anavyochukua maji bila kuuliza kisima. Alikuwa anaogopa. Alikuwa na mke, na mimi, na nyumba ya shirika. Nimeandika vitabu viwili na bado sijapata mtu wa kubuni niliyeweza kumpa hofu ile na kumwacha akiwa mwema, kama baba alivyoendelea kuwa mwema kwetu mpaka leo. Barua ilikaa kwenye droo. Siku moja haikuwemo.

Orodha ilibandikwa Ijumaa kwenye ubao wa matangazo ya ofisi. Kufikia saa tisa mtaa mzima ulikuwa umeshaijua. Baba amebaki, Baba Neema ametajwa. Waliotajwa waondoke kwenye nyumba mwisho wa mwezi. Mama alipika wali siku hiyo, bila sikukuu yoyote, kisha akaukalia bila kuula. Upande wa pili wa ukuta kulikuwa kimya. Televisheni haikuwashwa hata kwa taarifa ya habari.

Jumamosi mchana tulisikia, "Hodi."

Tulitazamana. Mgeni gani? Baba akasema, "Karibu," lakini hakuna aliyeingia. "Hodi," ikarudiwa, kwa adabu. Mama akanyanyuka akafungua. Alikuwa Baba Neema, amevaa shati lake la kanisani. Alimsubiri mama ampishe, ndipo akapiga hatua mbili ndani, akasimama hapo. Hakutazama jikoni.

"Habari za hapa, Mkuu," akasema.

Baba hakuwahi kuitwa Mkuu na mtu yule. "Nzuri," akajibu. "Kaa, kaa basi."

"Nashukuru, sitakaa. Nimeleta funguo za ghala. Wameniambia nikukabidhi wewe." Akaziweka mezani, akazipanga, kubwa kwanza. "Hii ya mlango wa nyuma inagoma kidogo. Ukiizungusha, ivute kwako."

"Sawa."

"Dawa iliyofika wiki iliyopita nimeiweka juu, isipate unyevu."

"Sawa. Asante."

Mama akaleta maji kwenye bilauri, mikono miwili. Akayapokea, akashukuru, akayaweka mezani bila kuyanywa. Baba alisogea kwenye kiti. Niliona anatafuta kitu usoni mwake mwenyewe, akikikusanya kwa shida, mpaka mdomo wake ukapata umbo la zamani.

"We Mgogo," akasema, na sauti ilimpasuka katikati. "Unaondoka hivihivi? Leo huombi kitu?"

Nilishusha pumzi. Nilidhani sasa, sasa atafunua sufuria. Nilikuwa tayari kucheka. Naapa nilikuwa nimeshafungua mdomo.

Baba Neema alimtazama baba bila hasira yoyote. Kama angekuwa na hasira ningekuwa na cha kushika.

"Hapana, Mkuu," akasema. "Mmenitosha. Mbaki salama."

Akanigeukia. "Anjela, usome kwa bidii." Hakuniita mtani mdogo. Nilitaka kumwambia kila kitu, lakini baba alikuwa ananitazama, na sikujua nimsaliti nani. Nikasema, "Shikamoo," kwa kuwa hilo ndilo lililotoka.

"Marahaba."

Akatoka. Kwetu mlango wa mbele haukufungwa mchana. Watu walipita wakiuacha wazi na kuku wakaingia na kutoka. Yeye aligeuka kwenye kizingiti, akashika komeo, akauvuta mlango kwake polepole mpaka ukabana, kama mtu anayetoka ofisini.